Gari langu linalia chini ya sakafu: je, ninunue gia boksi nyingine?

Ndugu Mshauri, salaam.

Ninamiliki Toyota Land Cruiser ya kubebea mizigo, ile ya mfululizo wa 70 yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ambayo ninaitumia kusomba viazi mviringo kutoka mashamba ya Kitulo na Matamba hadi Chimala, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya. Wanaoifahamu njia hiyo wanazijua kona zake, ambazo zimeipa jina la Hamsini na Saba, na wanajua pia kwamba wakati wa masika gari lisilosukumwa na magurudumu yote manne halifai kupelekwa huko.

Tangu mvua zilipokatika, gari hili limekuwa na mlio ambao sikuwahi kuusikia hapo awali. Likiondoka polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea, husikika kitu kikilia kwi, kwi, kwi chini ya sakafu, na mlio huo hufuatana kwa haraka zaidi kadiri mwendo unavyoongezeka, mpaka unamezwa na kelele za injini. Likifika kilomita 50 hadi 60 kwa saa huja mngurumo pamoja na mtetemo ambao dereva huuhisi kwenye nyayo. Nikikanyaga mafuta au nikiachia, hali ni ile ile, na nikikata kona hali ni ile ile. Jambo linalonishangaza ni kwamba gari likioshwa kwa maji mengi, au likivuka kijito, ule mlio wa kwi hutoweka hadi kesho yake.

Fundi wa kwanza alibadilisha beringi za magurudumu ya nyuma. Wa pili alisema tatizo ni krosi za propela ya nyuma, yaani viungo vinavyoruhusu mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu kujipinda, akazibadilisha zote mbili na kumwaga oili ya difu ya nyuma, zile gia zilizo katikati ya ekseli. Krosi za mbele alizitikisa kwa mkono akasema hazina mchezo wowote. Wa tatu alibadilisha mauntingi za gia boksi, na sasa anasema kwamba beringi za ndani ya gia boksi zimekwisha, na kwamba kwa kuwa ilishawahi kushushwa mwaka jana tulipobadilisha klachi, ni afadhali ninunue nyingine ya mtumba kutoka Dar es Salaam kuliko kuifungua hii.

Mwezi uliopita mdogo wangu alilipeleka gari Mbeya kwa njia ya lami, na aliporudi akaniambia kwamba hakusikia chochote. Nikajua kwamba sikio lake si la gari. Niongeze kwamba mimi huziacha habu za mbele, vile vifungio vinavyounganisha magurudumu na ekseli zake, kwenye LOCK (zimefungwa) tangu masika hadi mavuno yaishe, kwa sababu kushuka kwenye tope kila mara kuzizungusha ni adha, ingawa mdogo wangu hupenda kuzirudisha kwenye FREE (zimefunguliwa) kila anapofika lami ili kupunguza ulaji wa mafuta. Je, tabia yangu hiyo ina madhara? Na je, nitume fedha za gia boksi au nisubiri?

Msomaji, Matamba, Makete

Ndugu yangu wa Matamba, salaam, na pole kwa gharama ambazo umekwisha kuzibeba.

Gia boksi hiyo usiinunue kwa sasa. Wewe mwenyewe umeandika karibu kila kinachohitajika ili kuupata ugonjwa huu, isipokuwa hukuyaunganisha mambo mawili uliyoyaweka katika aya moja: mdogo wako hakusikia kelele, na mdogo wako ndiye huzirudisha habu kwenye FREE. Mimi sina shaka na sikio lake. Ninaamini kwamba alipokuwa njiani kwenda Mbeya kelele haikuwapo kabisa, kwa sababu kitu kinachoitoa kilikuwa kimesimama.

Gari lako ni la aina ambayo magurudumu ya mbele husukumwa pale tu dereva anapotaka, na utaratibu huo umebaki ule ule katika magari mengi ya familia hiyo tangu yalipoanza kutengenezwa mwaka 1984. Nguvu hutoka kwenye injini, hupita klachi na gia boksi, kisha huingia kwenye transfa, na hapo hugawanyika kwa propela mbili: ya nyuma, ambayo huzunguka wakati wote gari linapokwenda, na ya mbele, ambayo transfa huipa nguvu pale tu unapoweka H4 au L4, yaani magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida au wa polepole. Lakini propela inaweza kuzunguka bila kupewa nguvu na transfa. Habu zikiwa kwenye LOCK, magurudumu ya mbele huzungusha ekseli zao, ekseli huzungusha difu, na difu huizungusha propela ya mbele, hata kama mkono wa transfa uko kwenye H2, yaani magurudumu mawili ya nyuma tu. Zikiwa kwenye FREE, kila gurudumu huzunguka peke yake juu ya beringi zake, na vyote vilivyo nyuma ya habu hutulia.

Sasa zitazame tena dalili zako kwa jicho hilo. Difu yenye meno yaliyolika huvuma dereva anapokanyaga mafuta, kisha hunyamaza au hubadilisha sauti anapoachia, kwa sababu mzigo huhama kutoka upande mmoja wa jino kwenda upande wa pili. Gia boksi iliyochoka nayo hubadilika kufuatana na gia iliyoingizwa. Wewe unasema kwamba kukanyaga na kuachia hakubadilishi chochote, na hali hiyo ndiyo tunayoitarajia kwa kifaa kinachozunguka bila kubeba mzigo, kama inavyokuwa propela ya mbele habu zikiwa zimefungwa na transfa ikiwa kwenye H2. Unasema pia kwamba kona haziongezi wala hazipunguzi mlio. Jointi za ekseli za mbele zikichoka hupiga tak, tak unapokata usukani hadi mwisho, kwa hiyo hizo nazo ninazisogeza nyuma kwenye orodha ya washukiwa. Na ule mlio unaotoweka baada ya kuosha gari ni alama inayojulikana ya krosi iliyokauka: maji huingia kati ya vipini vidogo vya beringi na vikombe vyake, hulainisha kwa muda, kisha hukauka na kuacha kutu zaidi ya ile iliyokuwapo.

Utauliza kwa nini basi fundi wa pili aliitikisa krosi akaiona nzima. Kutikisa hugundua krosi iliyolegea tu, na iliyokauka mara nyingi hailegei. Vipini vyake huchimba vijifereji vidogo kwenye mhimili, mahali pale pale propela inapokaa siku zote, na krosi inabaki imebana kabisa huku ikiwa haiwezi tena kujipinda kwa ulaini. Kasoro hiyo huonekana baada ya kuifungua propela na kuipinda krosi kwa mkono pande zote: nzima hupita kwa uzito ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho, mbovu hukwama katikati kana kwamba imeingia kwenye shimo. Kabla hata ya kufungua, chungulia pembezoni mwa vikombe vinne vya kila krosi. Ukiona ungaunga mwekundu wa kutu, jibu umekaribia kulipata.

Hata hivyo ningependa uhakikishe badala ya kuniamini mimi niliye mbali na gari, na uhakika huo haugharimu kitu zaidi ya mafuta kidogo. Chagua kipande cha barabara kilichonyooka ambacho kelele husikika vizuri, ulipitishe gari hapo kwa mwendo ule ule wa 50 hadi 60, kwanza habu zote mbili zikiwa LOCK na transfa H2, kisha habu zote mbili zikiwa FREE na transfa hiyo hiyo H2. Ninasisitiza zote mbili, kwa kuwa habu moja ikibaki imefungwa upande mmoja huendelea kuzungusha sehemu za ndani na jaribio linapoteza maana. Kelele ikitoweka kwenye FREE, utakuwa umeondoa mashaka juu ya injini, klachi, gia boksi, propela ya nyuma, difu ya nyuma na beringi za magurudumu yote manne, kwa sababu vyote hivyo vimeendelea kufanya kazi ile ile katika safari zote mbili. Beringi ulizobadilisha kwanza, krosi za nyuma na mauntingi zingeweza kubaki dukani kama jaribio hili lingetangulia, na katika hili siwalaumu sana mafundi wako, kwani gereji nyingi hulipwa kwa kifaa kinachofungwa na si kwa muda unaotumika kutafuta.

Lipo jaribio jingine ninalolipenda zaidi, ingawa linahitaji watu wawili na mahali tulivu. Piga alama ya chaki kwenye ubavu wa tairi, mmoja aendeshe polepole sana, mwingine atembee kando ya gari akihesabu ile kwi wakati gurudumu linapozunguka mara kumi. Difu za magari haya kwa kawaida huifanya propela izunguke takriban mara 4 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa hiyo ukipata milio kama kumi, kinacholia kiko kwenye gurudumu lenyewe: breki, beringi, au jiwe lililokwama. Ukipata kama arobaini, au hata themanini, kwa kuwa krosi kavu inaweza kulia mara mbili katika mzunguko mmoja, kinacholia ni propela au kitu kinachozunguka pamoja nayo. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mtetemo wako huja kwenye mwendo wa wastani: tairi ambalo mzingo wake ni mita 2.5 huzunguka mara 400 kwa dakika gari likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, lakini wakati huo propela huwa imekwisha kupita mizunguko 1,600, na kasoro ndogo ya kuzunguka kwa mwendo huo lazima isikike kwenye sakafu.

Kelele ikitoweka kwenye FREE, hatua inayofuata ni kuitoa propela ya mbele yote. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yawekewe vigogo mbele na nyuma, na kabla hujalegeza bolti yoyote uweke alama za rangi mahali pawili: kati ya flenji na flenji (sahani zinazounganishwa kwa bolti) kila upande, na kwenye ile sehemu yenye meno ambayo huingia na kutoka propela inaporefuka na kufupika. Alama hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika gereji. Propela ikirudishwa meno yake yakiwa yamehama, krosi zake mbili hazipingani tena kama ilivyokusudiwa, na mtetemo hutokea hata kama kila kifaa ni kipya. Kwa kawaida uma zinazoshika krosi za pande mbili hutakiwa zikae sambamba, lakini yapo magari ambayo kiwanda chenyewe kimezipishanisha kwenye propela ya mbele kwa sababu ya pembe za difu, ndiyo maana ninapendelea ufuate alama zako kuliko kanuni ya jumla. Kwa kuwa gia boksi yako ilishushwa mwaka jana, na haishuki bila kufungua propela, mwulize aliyefanya kazi ile kama aliitenganisha ya mbele katikati. Kwa kuwa kelele imeanza baada ya mvua na si baada ya klachi, krosi kavu bado ndiyo ninayoishuku zaidi, lakini swali hilo ni la bure na jibu lake linaweza kukuokolea siku nzima.

Propela ikiwa nje, weka habu LOCK, transfa H2, na upite tena kwenye kile kipande cha barabara. Difu ya mbele na ekseli zake zitazunguka kama kawaida, propela haipo. Kimya kikipatikana, propela ndiyo yenye kosa. Kelele ikibaki, iko kwenye difu ya mbele au ekseli zake. Baki moja dogo la kuhakikisha ni beringi ya mbele ya transfa, nayo unaweza kuisikiliza kwa kuingiza H4 hapo hapo, kwa kuwa flenji ya mbele itazunguka peke yake bila kuunganishwa na chochote. Usithubutu kushuka Hamsini na Saba na mzigo gari likiwa katika hali hiyo, kwa sababu nguvu na breki ya injini vyote vitakuwa vinapita kwenye magurudumu ya nyuma tu.

Krosi mpya zitakapokuwa zinafungwa, simama karibu. Vikombe viingizwe kwa kubanwa kwenye jiliwa, si kwa kupigwa nyundo ovyo, maana kipini kimoja kikianguka ndani ya kikombe krosi haitafika mahali pake na itakufa mapema. Ikishafungwa, ijipinde kwa vidole pande zote bila kukwama popote. Grisi inayofaa ni ya lithiamu, namba 2, na ipigwe mpaka ile ya zamani itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kisipotoa, njia yake imeziba na kazi haijakamilika. Kwenye ile sehemu ya meno mambo ni kinyume chake. Hapo ukijaza kupita kiasi, grisi hukosa pa kwenda, propela hushindwa kufupika springi zinapobonyea, na msukumo wote huishia kwenye beringi za transfa na za difu. Piga kidogo, na ukiona propela inaanza kurefuka yenyewe, umezidisha. Tope la huko kwenu huziba vichuchu vya grisi, hivyo vifutwe kwanza, na baada ya msimu wa kuvuka maji grisi irudiwe bila kungoja kilomita za sevisi zitimie.

Ikiwa jaribio la habu litanikosoa, yaani kelele ikabaki vile vile kwenye FREE, hapo ndipo tutazame gia boksi, na bado kabla ya kununua kuna la kufanya. Simamisha gari, weka breki na vigogo, mkono wa transfa uuweke kwenye N (nguvu haiendi mbele wala nyuma), washa injini, kisha ingiza gia moja baada ya nyingine huku ukiachia klachi. Gia boksi itazunguka ndani yake bila gari kusogea. Ukisikia mngurumo katika gia zote isipokuwa ya nne, ambayo katika gia boksi nyingi za gia tano hupita moja kwa moja bila kuubebesha mzigo mhimili wa pembeni, fundi wako wa tatu atakuwa na hoja. Gia boksi inaweza kunyamaza bila mzigo na kulia njiani, kwa hiyo mwaga pia oili yake na utazame sumaku ya plagi: unga laini wa chuma ni jambo la kawaida kwa gari la umri huo, vipande vinavyohisiwa kwa vidole si kawaida. Hata hoja yake ikithibitika, ningefungua hii yako na kubadilisha beringi kabla ya kununua ya mtumba ambayo hujui imebeba nini wala haiwezi kupimwa vizuri mpaka iwe imefungwa kwenye gari.

Umesema oili iliyomwagwa ni ya difu ya nyuma tu. Ile ya mbele nayo imwagwe wakati propela iko nje, kwa sababu difu yenye joto ikizama ghafla kwenye maji baridi huvuta unyevu kupitia sili, hasa kile kibomba chake cha kupumulia kikiwa kimeziba kwa tope. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia; safisha kibomba, weka oili ya GL-5, na uimwage tena baada ya muda mfupi ili kutoa unyevu uliobaki.

Kuhusu habu, kuziacha kwenye LOCK huku transfa iko H2 hakuharibu kitu. Hula mafuta kidogo zaidi na huzungusha vyuma bila kazi, lakini mzunguko huo pia husambaza oili kwenye meno na sili za mbele. Kinachoharibu ni H4 kwenye lami kavu, kwa sababu transfa ya gari lako haina kifaa cha kuruhusu mbele na nyuma zipishane kwenye kona, na mvutano unaojengeka hapo hutoka kwa kuburuza matairi au kwa kuvunja krosi. Kuanzia Chimala hadi Mbeya mkono wa transfa ukae H2, habu zikiwa zimefungwa au zimefunguliwa.